Miaka Ishirini Baada ya Kisu: Kufupisha Radiasi kwa Ugonjwa wa Kienböck



Nimeombwa nizungumzie upasuaji ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani msimuliaji amekosea. Mgonjwa ana mfupa mdogo unaokufa ndani ya kifundo cha mkono. Daktari hauondoi mfupa huo wala haugusi. Anakwenda kukata mfupa mwingine, mzima kabisa, ulio kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Anatoa kipande cha milimita mbili au tatu, anafunga bamba la chuma kwa skrubu, anashona. Miaka ishirini baadaye wengi wa watu hao bado wanafanya kazi kwa mkono uleule. Lakini ukiwapiga picha ya eksirei, mara nyingi ule mfupa uliokuwa ukifa hauonekani kuwa umepona, na wapo ambao picha zao zimezidi kuwa mbaya. Picha inasema hivi, mkono unasema vile. Nataka jioni hii tuikazie macho tofauti hiyo, maana naamini inatupasa tubadilishe tunavyozungumza na wagonjwa na tunavyoipima kazi yetu.

Tuanze na mahali penyewe. Kila mmoja alaze mkono wake wa kushoto mezani, kiganja kikitazama chini. Kwa kidole cha mkono wa kulia fuata mfupa wa kidole cha kati, kuanzia pale kidole kinapoungana na kiganja, urudi nyuma kuelekea kwenye kifundo. Utafika mahali palipobonyea kidogo, kabla hujakutana na ukingo mgumu wa mfupa wa kigasha. Acha kidole hapo, kisha kunja kifundo chako taratibu kuelekea chini. Kuna kitu kigumu, cha mviringo, kinachopanda na kukisukuma kidole chako. Hiyo ndiyo lunati, mfupa unaokufa katika ugonjwa wa Kienböck. Mwenye ugonjwa huo ukimbonyeza hapo ataruka.

Lunati ni mmoja wa mifupa minane midogo ya kifundo, na ukiitazama kwa ubavu ina umbo la mwezi mchanga. Imekaa katikati ya safu ya kwanza, imeegemea radiasi, ule mfupa mnene wa upande wa gumba. Karibu uso wake wote umefunikwa na gegedu ili iteleze, na gegedu haipitishi mishipa ya damu. Kwa hiyo damu ina milango michache tu ya kuingilia, mbele na nyuma. Mwaka 1980 Richard Gelberman na wenzake waliifuatilia mishipa hiyo katika mikono ya maiti, wakaona kwamba mpangilio wake unatofautiana kati ya mtu na mtu, na kwamba wapo wachache ambao lunati yao inalishwa kutoka upande mmoja pekee. Mfupa wa namna hiyo ukipata misukosuko hauna mlango wa akiba.

Damu ikipungua, sehemu ya mfupa inakufa. Mfupa uliokufa haujijengi upya kila siku kama mifupa hai inavyofanya, hivyo nyufa ndogondogo za kazi haziungi tena. Baada ya muda lunati inabonyea, kisha mifupa jirani inayoitegemea inapoteza mpangilio, hasa skafoidi inayoinama mbele, na mwisho viungo vinasagika. Hatua hizo zimepangwa katika ngazi ambazo Ståhl wa Sweden alizianzisha mwaka 1947 na David Lichtman wa Marekani akaziboresha mwaka 1977. Ngazi ya kwanza eksirei haionyeshi kitu, ni MRI tu inayogundua. Ya pili lunati inang'aa kwa weupe usio wa kawaida. Ya tatu imebonyea, nayo imegawanywa A na B kwa kutazama kama majirani bado wamesimama. Ya nne ni kusagika.

Wanaougua zaidi ni wanaume wa miaka 20 hadi 40, na aghalabu ni mkono wa kazi. Kwetu mgonjwa wa aina hii huanza kwa kuambiwa ameteguka. Anachuliwa, anapakwa dawa ya kupasha moto, anameza vidonge vya maumivu, anarudi kwenye sepetu au spana. Miezi inapita. Maumivu yanapungua akipumzika na yanarudi akishika kazi, hadi siku anapoona kwamba hawezi kufungua mfuniko ambao mtoto wake anaufungua. Hospitali nyingi zikimpiga eksirei siku za mwanzo zitamwambia hana kitu, na kwa picha ile watakuwa wamesema kweli.

Historia yake ni ndefu kuliko eksirei yenyewe. Mwaka 1843, mjini Paris, Peste alieleza lunati zilizovunjika na kubonyea ambazo alizikuta katika maiti. Röntgen aligundua miale yake mwaka 1895, na miaka 15 baadaye, mwaka 1910, Robert Kienböck wa Vienna, mmoja wa waanzilishi wa fani ya radiolojia katika Austria, akachapisha maelezo ya wagonjwa hai waliokuwa na ulainikaji wa lunati. Yeye alidhani chanzo ni jeraha lililokata mishipa na ligamenti zinazoulisha mfupa. Ugonjwa ukabaki na jina lake. Nadharia yake haikubaki peke yake.

Mwaka 1928 Hultén wa Sweden alipima kitu kilichoonekana kidogo. Mifupa miwili ya kigasha, radiasi upande wa gumba na alna upande wa kidole cha mwisho, haimaliziki usawa mmoja kwa kila mtu. Kwa watu wasiougua, Hultén aliikuta alna ikiwa fupi kuliko radiasi kwa asilimia 23 hivi. Kwa wagonjwa wa Kienböck ilikuwa fupi kwa zaidi ya asilimia 70. Akafikiri hivi: watu wawili wakibeba mbao begani, aliye mrefu ndiye anayeelemewa. Radiasi iliyochomoza kuliko alna inabeba zaidi, na lunati iliyokaa mbele yake inapondwa kati ya radiasi na mifupa ya safu ya pili ya kifundo. Hultén ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kufupisha radiasi kwa ajili ya ugonjwa huu, mwaka 1935. Persson, Msweden mwenzake, katika miaka ya 1940 akaenda kinyume chake: akairefusha alna. Hesabu ni ileile, ila kurefusha mfupa kunadai kupandikiza kipande cha mfupa mwingine na kungoja mahali pawili paunge, kwa hiyo kufupisha ndiko kulikoenea.

Vipimo vya maabara vilivyokuja baadaye viliipa hoja hiyo nguvu. Mwaka 1984 Palmer na Werner walipima uzito unavyopita katika vifundo vya maiti. Mifupa ikiwa katika hali yake ya kawaida, radiasi hubeba kiasi cha asilimia 80 na alna asilimia 20. Alna ikirefushwa kwa milimita 2.5 tu, mzigo wake ulipanda hadi karibu asilimia 42. Ikifupishwa kwa kiasi hichohicho, ulishuka hadi asilimia 4 hivi. Kufupisha radiasi ni sawa na kurefusha alna. Milimita mbili na nusu! Ni unene wa sarafu, na inatosha kuhamisha sehemu kubwa ya mzigo wa mkono.

Hapa ningependa wanafunzi wasikilize vizuri zaidi, kwa sababu vitabu vingi vinaishia hapo kana kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mwaka 1994 D'Hoore na wenzake wa Ubelgiji walilinganisha upya urefu wa alna kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya, kwa vipimo vilivyosawazishwa, wakaandika wazi kwamba alna fupi si kihatarishi cha ugonjwa wa Kienböck. Upasuaji ulikuwa umeshafanywa kwa karibu miaka sitini kwa msingi wa dhana hiyo. Halafu mwaka 2001 Illarramendi na wenzake wa Argentina wakaeleza jambo la kushangaza zaidi: walitoboa tu matundu ndani ya radiasi na alna karibu na kifundo, wakakwangua sehemu laini ya ndani, bila kufupisha chochote, na wagonjwa wao wengi wakapata nafuu ya kudumu. Kumbe huenda sehemu ya nafuu haitokani na mzigo uliopunguzwa. Huenda inatokana na mfupa wenyewe kuumizwa: damu nyingi huvutwa mahali palipokatwa ili paunge, na lunati iliyo jirani ikafaidi. Mimi sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Nadhani vyote viwili vinafanya kazi, na uwiano wao unatofautiana kwa kila mkono.

Tuingie chumba cha upasuaji kwa dakika chache. Mgonjwa amelala chali, mkono umenyooshwa juu ya meza ndogo ya pembeni, mkanda wa kuzuia damu umefungwa juu ya kiwiko. Wengine wamepewa nusukaputi, wengine wamepigwa ganzi ya mkono mzima na wako macho. Ngozi inachanwa upande wa ndani wa kigasha, sentimita chache juu ya kifundo. Kano inayokunja kifundo inasogezwa kando. Ateri inalindwa upande wa gumba, ileile tunayoishika tunapohesabu mapigo. Chini yake kuna msuli bapa wa pembe nne unaolalia mfupa. Unainuliwa kwa uangalifu kwa sababu baadaye utarudishwa kulifunika bamba, ili kano zisisuguane na chuma. Sasa radiasi iko wazi.

Daktari makini hakati bado. Anaweka bamba kwanza na kutoboa matundu ya upande mmoja, kwa sababu mfupa ukikatwa bila alama, kipande cha mbele kinaweza kuzunguka kidogo, na kiganja kitazunguka nacho maisha yote. Kisha msumeno mwembamba unapita mara mbili, mikato miwili iliyo sambamba, muuguzi akimwaga maji bila kukoma ili joto lisiunguze mfupa. Unene wa msumeno wenyewe unaingizwa katika hesabu, maana nao unakula mfupa; asiyeuhesabu atafupisha kuliko alivyokusudia. Kinachotoka ni kisahani chembamba. Ncha zinakutanishwa, bamba linabana, skrubu zinaingia moja baada ya nyingine. Lunati haijaguswa.

Kiasi cha kukata ni suala la nidhamu. Lengo ni alna na radiasi zilingane, au alna izidi kwa milimita moja tu. Ukizidisha, hasa ukivuka milimita nne, unamhamishia mgonjwa tatizo: alna inaanza kugonga mifupa ya upande wa kidole cha mwisho, na kiungo kati ya alna na radiasi kinapoteza ulinganifu, mtu akashindwa kugeuza kiganja kupokea chenji bila maumivu. Kwa mgonjwa ambaye alna yake tangu mwanzo ni sawa au ndefu, upasuaji huu haumfai. Kuna njia nyingine kwake, kama kufupisha kapiteti, mfupa ulio mbele ya lunati, au kukata radiasi kwa mshazari bila kuipunguza urefu.

Mfupa huunga kwa miezi miwili hadi mitatu. Anayevuta sigara huchelewa, na wengine hawaungi kabisa, ndiyo maana naona si haki kumpeleka mvutaji mezani bila kumsaidia kwanza kuacha. Kazi nzito hurudi baada ya miezi minne hadi sita. Kwa mtu wa kibarua cha siku, miezi hiyo ni kodi ya nyumba, ni ada ya shule. Inapaswa kuzungumzwa siku ya kwanza, familia ikiwepo.

Sasa tuje kwenye muda mrefu, ambao ndio ulionileta hapa.

Ripoti za miaka ya mwanzo zilikuwa nzuri. Mwaka 1982 Almquist na Burns walitoa matokeo ya miaka 5 hadi 10 yaliyoridhisha. Mwaka 1991 Weiss na wenzake waliripoti vifundo 30 vilivyofuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 4, na maumivu yalikuwa yamepungua kwa asilimia 87 yao. Lakini miaka minne ni kitu gani kwa kijana wa miaka 28? Atautumia mkono huo miaka 40 zaidi. Ugonjwa unaosaga viungo haupimwi kwa miaka minne.

Ndipo zikaja ripoti ninazozithamini kuliko zote, za madaktari waliowasubiri wagonjwa wao. Mwaka 2003 Koh na wenzake wa Japani walichapisha matokeo ya watu waliofuatiliwa kwa angalau miaka 10. Mwaka 2007 Raven, Haverkamp na Marti wa Uholanzi waliandika kuhusu wagonjwa wao miaka 22 baada ya kufupishwa radiasi. Mwaka uliofuata Watanabe na wenzake, Wajapani pia, wakaleta kundi lililofuatiliwa kwa wastani wa miaka 21. Mwaka 2014 Viljakka, Tallroth na Vastamäki wa Ufini wakatoa matokeo ya miaka 20 hadi 33. Fikirini kazi iliyomo humo. Mtu aliyefanyiwa upasuaji akiwa kijana anatafutwa akiwa anakaribia kustaafu. Ameshahama, ameshabadilisha kazi, pengine daktari aliyemkata ameshafariki. Anaitwa, anapimwa nguvu ya kiganja, anapigwa picha, anaulizwa maswali yaleyale.

Mnachokiona katika ripoti hizo ni hiki. Wengi hawana maumivu wakiwa wamepumzika, au wanayasikia tu baada ya kazi nzito. Nguvu ya kushika imepanda kuliko ilivyokuwa kabla ya upasuaji, ingawa kwa kawaida haifikii ya mkono mwingine. Kifundo hukunjika na kunyooka kwa kiasi kinachotosha maisha, lakini bado ni pungufu. Wengi walirudi kazini. Na picha? Kwa baadhi lunati ilibaki vilevile miaka yote hiyo. Kwa wengine ugonjwa ulipanda ngazi, viungo vikaanza kusagika. Jambo kuu ni kwamba hao ambao picha zao zilisonga mbele si lazima ndio waliokuwa na maumivu. Mtu mwenye picha ya kutisha alikaa mbele ya daktari akasema mkono wake ni mzuri, na vipimo vya nguvu vikamuunga mkono.

Kuna mambo yanayotabiri vizuri zaidi. Wanaofanyiwa kabla mifupa jirani haijaporomoka, ngazi ya pili na tatu A, hufaidi zaidi. Ripoti ya Ujerumani ya Luegmair na wenzake ya mwaka 2017, iliyohusu ngazi ya tatu A pekee na kufuatilia wagonjwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 10, ni ya kutia moyo. Skafoidi ikishainama kupita nyuzi 60 kutoka kwenye mstari wa radiasi, matumaini hupungua.

Nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeishia hapo. Vikundi hivyo vya miaka ishirini ni vidogo. Ukivijumlisha vyote unapata makumi machache ya watu. Waliokuja kupimwa ni wale waliopatikana. Aliyeshindwa, akaenda hospitali nyingine akaunganishwa kifundo kizima, huenda hayumo katika hesabu. Na zaidi ya yote, hakuna jaribio kubwa ambapo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa wakatwe na wale wasikatwe, kisha wakafuatiliwa kwa miongo miwili. Kwa ugonjwa adimu namna hii jaribio hilo ni gumu mno.

Kulinganisha kuliopo kunavutana. Mwaka 2000 Salmon, Stanley na Trail wa Uingereza walilinganisha watu 33, wengine walifupishwa radiasi, wengine walitibiwa bila kisu. Waliofupishwa walikuwa na maumivu machache na kushika kwa nguvu zaidi, na kubonyea kwa mfupa kulionekana kupungua kasi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walipolinganisha picha za waliofanyiwa na wasiofanyiwa hawakuona kwamba kufupisha radiasi kunazuia ugonjwa kusonga. Ukisoma ripoti hizi mbili kwa haraka utadhani moja inaikanusha nyingine. Mimi nazisoma hivi: tukiuliza kuhusu maumivu na nguvu, upasuaji una la kusema. Tukiuliza kuhusu sura ya mfupa, ushahidi ni mwembamba. Tumekuwa tukiuza jibu la swali la pili kwa kutumia ushahidi wa swali la kwanza.

Kuna utafiti mmoja wa bara letu ambao kila daktari wa mifupa anapaswa kuujua. Mwaka 2009, Mennen na Sithebe wa Afrika Kusini walipitia picha za vifundo vya watu waliopigwa eksirei kwa sababu nyinginezo. Waliwakuta watu wenye ugonjwa wa Kienböck ambao hawakuwa na dalili yoyote, wala hawakujua kwamba wanao. Maana yake ni nzito. Wagonjwa tunaowaona kliniki ni wale tu wanaoumwa, na nje ya milango yetu kuna watu wenye lunati iliyokufa wanaolima, wanaofua, wanaobeba mizigo. Kwa hiyo mtu akija na picha mbaya na mkono usiouma, picha hiyo pekee haitoshi kumpeleka mezani. Na aliyefanyiwa upasuaji akapona maumivu, tusidai sifa yote. Huenda baadhi yao wangetulia hata bila sisi.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Nauunga mkono upasuaji huu kwa mtu anayeishi kwa nguvu ya mikono yake, mwenye alna fupi, ambaye lunati yake haijaporomoka pamoja na majirani, na ambaye amepumzisha mkono kwa hogo au kifunga kifundo kwa miezi kadhaa bila nafuu. Kwa mtu huyo ripoti za Uholanzi, Japani na Ufini zinanipa ujasiri wa kumwambia kwamba uwezekano wa kuwa na mkono wa kazi akiwa na miaka hamsini ni mkubwa. Siuungi mkono upasuaji huu kama ahadi ya kuufufua mfupa. Na kwa kijana ambaye bado anakua, ningengoja: mifupa ya umri huo ina uwezo wa kujijenga upya ambao watu wazima hawana, na mara nyingi kupumzisha mkono kunatosha.

Ahadi tunayoitoa ina matokeo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mfupa wake utapona, akirudi baada ya miaka mitano na kuonyeshwa picha yenye lunati iliyobonyea zaidi, anaondoka akiwa mgonjwa upya, ingawa aliingia akiwa mzima. Anaanza kuuhofia mkono wake. Anaacha kazi aliyoiweza jana. Hilo tumemfanyia kwa maneno yetu, na limekuwa likitokea kwa sababu tumezoea kuisoma picha kwa sauti kabla ya kuuliza habari za mkono.

Vilevile tuangalie tunauliza nini. Ripoti nyingi za nje zinatumia DASH, dodoso la maswali 30 lililotoka Amerika Kaskazini mwaka 1996, linalotoa alama kutoka 0, yaani hakuna ulemavu, hadi 100. Linauliza kuhusu kufungua chupa iliyokazwa, kugeuza ufunguo, kuandika, kuandaa chakula. Ni dodoso zuri. Lakini mama anayesonga ugali wa watu kumi na wawili anatumia kifundo kwa namna ambayo neno "kuandaa chakula" haliioni. Kukuna nazi, kukamua blanketi, kusukuma mkokoteni, kupiga lipu ukutani, kukama: hivi ndivyo vinavyoutesa mkono hapa, na mgonjwa anaweza kupata alama nzuri kwenye karatasi huku riziki yake imekatika. Wataalamu wa fiziotherapia mliopo hapa ndio mnaoyajua haya kuliko madaktari. Mkimwandikia mgonjwa maendeleo, andikeni kazi yake kwa jina, na kama ameirudia.

Swali la mwisho ninaloulizwa na wagonjwa ni hili: je, ukishindwa? Jibu linatuliza. Kwa kuwa mkato uko nje ya kiungo, haufungi njia nyingine. Aliyefupishwa radiasi akiwa na miaka 27, kifundo kikasagika na kuanza kumuuma akiwa na 50, bado anaweza kuondolewa safu ya kwanza ya mifupa ya kifundo, lunati na majirani zake wawili, akabaki na mkono unaokunjika. Anaweza pia kuunganishwa mifupa michache, au kifundo kizima, akapoteza mwendo na kupata nguvu isiyo na maumivu. Bamba lake la zamani huenda likatolewa kwanza. Na kama kifundo kimesagika kwenye picha lakini hakimuumi, haguswi.

Ila ili daktari wa mwaka huo wa baadaye aweze kuamua vizuri, anahitaji kujua tulichofanya leo. Faili zetu hupotea. Wagonjwa wetu huhama mikoa, wengine huvuka mipaka kufuata kazi. Kwa hiyo ombi langu kwa kila chumba cha upasuaji kinachofanya kazi hii ni kadi moja ndogo, iandikwe kwa kalamu isiyofutika: tarehe, milimita zilizotolewa, tofauti ya alna na radiasi kabla na baada, ngazi ya ugonjwa, nguvu ya kushika ya mikono yote miwili siku ya kabla ya upasuaji, na kazi ya mgonjwa. Nakala ibaki hospitali. Kadi yenyewe aende nayo mgonjwa nyumbani, aihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na aje nayo kila mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, kisha kila baada ya miaka mitano, hata kama haumwi.